Pai Nyeusi ya Lambert

Uliiona. Usiniambie hukuiona. Ulikaa meza ya tatu kutoka dirishani, umekunjua ramani kando ya bia yako, ile ramani ya wageni yenye nyota kila mahali pa kula. Mbele yako palikuwa na kipande cha pai nyeusi kilichofukiwa kwa krimu. Mwanamke mzee aliyevaa nguo za msiba akasimama katikati ya ukumbi akauliza swali la maneno mawili. Wewe ukainamisha uso ukaendelea kutafuna.

Sikulaumu kwa kula. Mgeni hula alichowekewa. Nakulaumu kwa ule uso. Nimeuona tangu mwaka sitini na tatu, na kila mara mwenye nao ni mtu mwema, mpole, ana watoto wake, na amesikia kila neno.

Basi tulia nikwambie ulichokula.

Mimi naitwa Wiel Habets. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na nne nikaingia kiwanda cha vyombo vya udongo hapa Maastricht, kazi yangu kuingiza sahani tanurini na kuzitoa. Nimebeba sahani nyingi kuliko utakazolia chakula maisha yako yote. Ninachokijua kuhusu haki nilijisomea mwenyewe maktabani, na baadaye nilikichapa kwenye karatasi nikakisambaza milangoni mwa watu, ambao wengi wao walizifungia samaki.

Nyama ya siki ndiyo nyama ya mji huu. Wageni wakisikia kwamba asili yake ni farasi wanakunja pua. Wakunje. Farasi wa migodini na wa kuvuta majahazi mtoni alikuwa amechoka kabla hajachinjwa, nyama yake kama kamba, kwa hiyo bibi zetu waliilaza kwenye siki siku tatu, wakaipika nusu siku kwa moto mdogo, wakaivunjia mkate wa tangawizi, wakaitia shira ya matufaha, ikalainika. Walipewa kilichobaki, wakakifanya kiwe chakula. Lakini siki ina tabia moja ambayo Harie Vroemen aliijua vizuri. Inaficha.

Harie ndiye aliyekuwa na kantini ya kiwanda chetu. Ghorofani aliwapikia mabwana wa ofisi. Chini alitupikia sisi. Novemba ya mwaka sitini na tatu nilikuta ndani ya bakuli langu la nyama ya siki kipande cha soseji chenye alama za meno, na juu yake majivu ya sigara nene yamegandamana na mchuzi. Sisi hatukuvuta sigara nene. Soseji hatukupewa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikasimama, nikaiinua ile soseji kwa uma, nikauliza, "Haya ni meno ya nani?"

Watu mia mbili na ushei. Wote wakatazama mabakuli yao. Mwenzangu wa tanuri, Lambert Pinckaers, ambaye bakuli lake lilikuwa na majivu mengi kuliko langu, alichovya mkate akala. Kesho yake mimi nilihamishiwa uani kuzoa vigae, miezi saba.

Baadaye Lambert alitoka kiwandani akarithi bucha ya mkwewe, bucha ya farasi, ya mwisho upande wetu wa mto. Kila mwaka mpya aliniwekea soseji mlangoni, nzima, haijaumwa na mtu. Sikuwahi kumwuliza kwa nini, wala yeye hakusema. Niliila. Kumsamehe ni jambo lingine.

Harie akamzaa Giel. Giel ana mikahawa mitatu kwenye uwanja mkubwa, na mmoja unaitwa Jiko la Bibi. Bibi mwenyewe hakuna. Kwa hiyo alimtaka Tilla.

Tilla Schrijnemaekers ana meza nane kichochoroni nyuma ya kanisa, na sufuria mbili. Miaka arobaini na moja anapika chakula kimoja, nyama ya siki kwa chipsi, na nyama yote ilitoka kwa Lambert. Kwenye ramani yako hana nyota, hana hata nukta. Giel alitaka jina lake na uso wake: jina kwenye menyu, uso kwenye ubao juu ya mlango. Tilla mwenyewe angekaa nyumbani apumzike. Ilibaki sahihi tu.

Jumanne, siku mbili kabla ya kumzika Lambert, nilimkuta Tilla jikoni kwake anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

"Giel ameleta karatasi," akaniambia bila kugeuka. "Nitatia sahihi Alhamisi, tukitoka mazikoni."

"Karatasi za Giel zimeandikwa na Harie."

"Usianze, Wiel. Harie yuko chini miaka thelathini."

"Soseji yake bado iko juu."

"Wewe miaka sitini unakula soseji moja." Akaweka brashi kando. "Haya, niambie, wewe uliyemaliza vitabu vya maktaba. Lambert amekwenda. Nyama nitoe wapi? Nipike paka?"

"Pika ng'ombe."

"Ng'ombe kampikie mama yako."

"Mama yangu marehemu."

"Basi hatalalamika."

Tukacheka. Halafu akajishika kiuno, akaketi kwenye kreti ya bia kama mtu anayeteremshwa kwa kamba.

"Magoti yamekwisha," akasema. "Na Giel hataki magoti yangu. Anataka jina. Jina halina magoti, we mzee."

"Umewahi kula kwake?"

"Niende uwanjani kula? Mimi mgeni?"

"Basi kabla hujasaini, kula. Sahani moja. Ukishiba usaini, mimi ninyamaze."

"Unyamaze mpaka lini?"

"Mpaka Pasaka."

"Nitakula," akasema. "Kwa Pasaka tu, nitakula."

Alhamisi saa nne asubuhi tulimzika Lambert. Zamani baada ya kaburi tulikuwa tukienda ukumbi wa parokia, lakini ukumbi wa parokia umegawanywa vyumba vya wageni, na sitashangaa kama ndimo unamolala wewe. Kwa hiyo meza ya kahawa ya msiba ilitandikwa ghorofani kwa Giel, juu ya Jiko la Bibi. Fien, mjane wa Lambert, alikubali kahawa ya Giel, mikate ya Giel, jibini ya Giel. Pai alioka mwenyewe. Pai sita za plamu.

Kwetu pai ya plamu nyeusi ni ya maiti. Harusini utakuta ya cheri, ya aprikoti, ya wali wa maziwa. Nyeusi ikiwekwa mezani, yuko mtu ameingia ardhini asubuhi ile, na hakuna mzaliwa wa hapa asiyelijua hilo. Pai za Fien, tena, mtaa mzima unazijua kwa kingo zake. Anazibonyeza kwa uma wa mama yake, uliovunjika jino la tatu. Alama mbili, pengo, alama. Alama mbili, pengo, alama. Hivyo mpaka duara lifunge.

Tulikula nne, na hizo nne hatukuzimaliza. Wazee wengi, kila mmoja aliuma kidogo akaacha. Mbili Fien alizitenga kwenye meza ndogo akazifunika kitambaa chake cheupe. Zilikuwa za Sjo, kaka yake Lambert, aliye kitandani katika nyumba ya wazee, ambaye hakuweza kuja kumtupia mdogo wake hata konzi ya udongo. Giel alisema yeye mwenyewe atazifikisha kwa gari jioni. Fien alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru.

Saa nane tukateremka chini, mimi na Tilla. Giel alitupokea kwa aproni iliyonyooshwa kwa pasi, aproni ambayo haijawahi kuonja mafuta.

"Shangazi Tilla. Kaa hapa, penye mwanga. Na Mzee Wiel pia? Karibu, mzee, leo hatugombani."

"Siku bado haijaisha," nikasema.

"Mzee anataka kula," Tilla akamwambia. "Na mimi nataka kula. Lete hiyo nyama ya siki mnayowapa watu."

"Hiyo hiyo itakayokuwa na jina lako, shangazi."

Ikaja. Nitakueleza ilivyokuwa, maana wewe ya kwako uliipiga picha badala ya kuitazama. Juu ilikuwa na ngozi, kama ngozi ya maziwa yaliyosahauliwa jikoni, ila ya kahawia, na nilipoigusa kwa kijiko ilisogea yote kwa pamoja kama zulia. Chini ya zulia kulikuwa na vipande vya ng'ombe vilivyokatwa na mashine, vyote mraba, vyote saizi moja, na kila kilipoumwa kilitoa maji, na maji yale yalikuwa na ladha ya sarafu iliyoshikwa na watu wengi. Sukari ilitangulia, ikaganda kwenye fizi. Siki ikaja nyuma, na haikuwa siki ya kulainisha nyama, ilikuwa ile tunayomwagia mabomba. Katikati ya kipande palikuwa na baridi. Nilisikia chembe ya barafu ikivunjika chini ya jino langu la mwisho zuri.

Tilla alitafuna muda mrefu. Halafu akainua kitambaa cha karatasi mdomoni, akatema, akakikunja mara nne kama barua.

"Imepikiwa wapi hii, Giel?"

"Jikoni kwetu, shangazi."

"Nauliza imepikiwa wapi."

"Kuna watu wanatusaidia. Wako kaskazini. Wanapika nyingi kwa pamoja, sisi tunapasha. Wageni mia tatu kwa siku, shangazi, kwa sufuria mbili?"

"Na farasi?"

"Farasi anawatisha watoto."

Nikainuka kwenda msalani. Njia ya msalani inapita mlango wa jikoni, na mlango ulikuwa umezuiliwa wazi kwa ndoo. Ndoo nyeupe ya plastiki, ya kiasi cha kuogeshea mtoto, imejaa ule ujiuji wa kahawia, na tone moja refu likining'inia kwenye ukingo bila kudondoka. Lakini sikusimama kwa ajili ya ndoo.

Kwenye meza ya chuma zilipangwa sahani zetu za ghorofani, sahani za msiba, na vile vipande vyetu vilivyoumwa. Mpishi mmoja mnene, mwenye miaka hamsini hivi, alichukua kimoja kimoja. Akakata kwa kisu mahali uma ulipopita. Akageuza upande ulioliwa ukae ndani. Kimoja kilikuwa na unywele mweupe umenata kwenye plamu; aliuvuta kwa kidole na kidole, ukaja mrefu, akajipangusa surualini. Halafu akaminya krimu juu, mduara, mduara, kilele. Zile mbili za Sjo zilikuwa zimekwisha katwa kumi na mbili kumi na mbili. Kitambaa cha Fien kilikuwa sakafuni mbele ya sinki, kimeloa, kina alama ya kiatu.

"Msala ni mlango wa pili, mzee," mpishi akasema.

"Hizo ni za msibani."

"Ni za juu," akasema, bila ubaya wowote. "Hapa hakitupwi kitu."

Na hapa niseme kweli, maana sikuanza kuandika ili nijipake asali. Nilirudi mezani, nikakaa, nikanyamaza. Mimi. Miaka sitini nimewatukana wengine kwa jambo hili. Nilijiambia, ngoja, Tilla ana msiba, ukumbi umejaa, nitamweleza taratibu njiani. Nikatazama sahani yangu. Dakika nzima niliitazama ile ngozi ya kahawia, na nikamwona Lambert akichovya mkate.

Giel alikuwa amekwisha kufungua kalamu na kuilaza juu ya karatasi, kichwa chake kikielekea mkono wa Tilla.

"Na kitamu kidogo cha kumalizia," akasema, "ndipo tusaini. Pai ya bibi. Leo wageni wameipenda kuliko siku zote."

Mhudumu akaweka sahani mbili. Ukumbini meza karibu zote zilikuwa nazo. Tilla hakushika uma. Alichukua kisu, akasukuma krimu pembeni yote, akaizungusha sahani polepole, akapitisha ncha ya kidole kwenye ukingo wa pai. Alama mbili. Pengo. Alama.

Akasimama. Ilimchukua muda, magoti yale, na aliposimama aliuliza kwa sauti ya kawaida, ile anayoulizia kama chipsi zimefika mezani.

"Nani amekufa?"

Watu wa hapa walikuwamo, si wageni peke yao. Niliwatambua wawili wa mtaa wangu, na mmoja aliwahi kuwa kwenye chama chetu cha wafanyakazi. Walijua swali lile maana yake nini. Ndio waliotangulia kuinamisha nyuso, nanyi wageni mkafuata.

"Shangazi, kaa. Watu wanakula."

"Naona wanakula. Nauliza nani amekufa."

Giel akainama karibu naye, akishusha sauti. "Ni mabaki tu. Yangetupwa. Fien ana miaka themanini, hatajua, na Sjo siku hizi hajui hata siku."

"Baba yako ulimzika kwa pai hii, Giel. Mimi ndiye niliyewaoshea vikombe siku ile."

"Ndiyo sababu najua ni tamu," akasema.

Aliona mwenyewe alichosema, lakini kilikuwa kimekwisha kutoka. Tilla alimtazama mpaka akasogea nyuma. Halafu akachukua sinia tupu juu ya kabati ya vyombo, akaanza kupita meza kwa meza, nguo yake nyeusi ikigusa viti vya watu.

"Samahani, bwana. Hii ni ya marehemu." Akachukua sahani. "Samahani, mama. Hii ni ya marehemu."

Mwanamke mmoja alimpa sahani yake kwa mikono miwili na akajipangusa mdomo mara tatu, nne, akaendelea kujipangusa. Kundi la Waholanzi wa kaskazini, wa ng'ambo ya mito, wenye kofia za sherehe, walidhani ni mchezo wa kuigiza wakatoa simu.

"Na wimbo upo?" mmoja akauliza.

"Upo," nikamwambia. "Ukifa wewe tutauimba."

Alipofika kwako, ukaishika sahani. Kumbuka. Uliishika kwa mikono yote miwili, ukasema, "Nimeshalipia."

Hakukunyang'anya. Alisubiri kidogo, mkono wake umenyooshwa, halafu akapita. Ulikimaliza kile kipande, najua, nilikuona. Sijui kama ndicho kilichokuwa na unywele.

Tulitoka na vipande tisa. Karatasi ilibaki mezani bila sahihi, na kalamu ikiwa wazi juu yake. Kumpelekea Sjo ilikuwa haiwezekani, vingine vilikuwa na meno ya watu wasiojulikana. Tukasimama darajani, kwenye pipa la takataka, na Tilla akavimwaga.

"Imetupwa mwishowe," nikasema.

"Nyamaza, Wiel." Alikuwa akilia, lakini alilia kama anayekata vitunguu, bila kusimamisha kazi. "Ulijua?"

"Niliona jikoni, pai na ile ndoo ya nyama."

"Na ukarudi ukakaa."

"Nikarudi nikakaa."

Akatikisa kichwa. Alivuta pumzi, akafuta sinia kwa kiganja.

"Lambert naye alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Aliwahi kuniambia habari ya ile soseji. Mara moja tu, amelewa. Alisema bado anasikia majivu kwenye ulimi." Akanipa sinia nibebe. "Jina langu haliingii kwenye ndoo. Kwenye friza yangu yupo farasi wa mwisho wa Lambert, kilo kumi na nne. Nitampika, na akiisha nafunga mlango, na jina nalifungia ndani."

Jioni ile aliazima uma wa Fien akaoka pai moja. Asubuhi ya leo tulimpelekea Sjo. Alikula vipande viwili. Alipitisha kidole ukingoni, akauliza, "Nani amekufa?" Tukamwambia. Huyo ndiye mtu ambaye Giel alisema hajui hata siku.

Hadithi ingeishia hapo kama Giel angekuwa na haya. Leo Ijumaa, nikirudi kutoka kwa Sjo, nimepita uwanjani. Wanaume wawili walikuwa kwenye ngazi wanafunga ubao juu ya mlango wa Jiko la Bibi. Umefunikwa turubai, lakini upepo ulilinyanyua. Ni Tilla. Picha wameitoa kwenye kalenda ya parokia, amecheka, ana kijiko mkononi. Nilimwuliza Giel sahihi iko wapi. Akasema Jumanne Tilla alikubali kwa mdomo, na ubao ulikwisha kuchapwa, na kesho saa sita mchana wanaufunua kwa bendi ya tarumbeta, na kwa nini mzee mzima ashindane na picha.

Tilla hana wakili. Ana mimi, nami mwaka sitini na tatu nilipigiwa kimya na watu mia mbili, na jana nilijipigia mwenyewe. Kwa hiyo sikuombi unionee huruma, wala usiniambie inasikitisha. Pai uliyonayo kinywani ndiyo deni lako kwa Lambert.

Usingoje kesho. Kesho kutakuwa na tarumbeta, hutasikika. Nenda leo, sasa hivi, kabla hawajaondoa sahani za mchana. Kaa meza ile ile ya tatu kutoka dirishani. Agiza pai nyeusi. Ikiletwa, sukuma krimu pembeni, simama, na uulize kwa sauti ya kufika meza zote: nani amekufa? Watainamisha nyuso. Wewe usiinamishe. Usikae mpaka Giel mwenyewe atoke jikoni akutajie jina la Lambert Pinckaers mbele ya watu, na mpaka ule ubao uteremshwe kwa ngazi ile ile iliyoupandisha.

Ukitoka utakuwa na njaa. Kichochoro kiko nyuma ya kanisa, sufuria mbili ziko motoni. Vaa koti. Nenda.